Pea nyepesi ya magurudumu ya alumini kwa ajili ya milima: gramu zipi zina thamani ya hela yako?

*Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina kilo 68 na naendesha baiskeli ya mbio ya mtumba: fremu ya alumini, breki za kubana ringi, mbele meno 50 na 34, nyuma gia kumi zenye kaseti (lile rundo la gia za nyuma) ya meno 12–25. Kila Jumamosi napanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kama kilomita 33 na mwinuko wa karibu mita 1,000. Natumia saa moja na dakika 35 hivi. Magurudumu ni yaleyale yaliyokuja nayo, tairi ni za waya, zile zisizokunjika. Nimeyapima bila tairi: mbele gramu 850, nyuma 1,080. Wenzangu wanasema gramu moja ya gurudumu ni sawa na mbili za fremu, kwa hiyo nikipata pea ya gramu 1,500 nitapaa. Nimeona za alumini za kila aina, na za kaboni mtandaoni kwa bei ya kushangaza. Fedha niliyo nayo ni ya kununua mara moja, nikikosea sina nyingine. Ninunue nini?*

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na hiyo hesabu ya gramu moja kuwa mbili, maana ndiyo iliyozaa swali lako na ndiyo itakayokula hela yako usipoielewa.

Ina ukweli, ila ukweli wake ni wa mahali pamoja tu. Ringi na tairi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: husonga mbele pamoja na baiskeli, na huzunguka. Unapoongeza mwendo unazilipia kazi zote mbili, ndiyo maana gramu iliyoko pembezoni mwa gurudumu hugharimu karibu mara mbili ya gramu iliyoko kwenye fremu. Gramu ya kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, haiko hivyo, kwa sababu iko katikati kabisa na kuzunguka kwake ni kama hakuna. Ukishafika mwendo wako na kuushikilia, hesabu ya kuzunguka inafutika. Mlima hauulizi kama gramu inazunguka au imelala kwenye chupa ya maji. Kinachopandishwa ni uzito, basi.

Hata pale unapoongeza mwendo, deni lenyewe ni dogo kuliko linavyosimuliwa. Chukua gramu 300 za ziada kwenye ringi, toka kilomita 15 kwa saa hadi 25. Zinadai takriban jouli 9, kusonga na kuzunguka vyote ndani. Mtu anayetoa wati 200 hulilipa deni hilo kwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kuna watakaokuambia kwamba mlimani kila mkanyago ni kuongeza mwendo upya. Ni kweli mwendo hupanda na kushuka kidogo, lakini kile mguu unachoweka kwenye gurudumu unapokanyaga, gurudumu hukirudisha pedeli zinapopita juu na chini, pale ambapo mguu hauna nguvu. Hakipotei.

Sasa tuupime mlima wako. Wewe kilo 68, baiskeli kama 9, ongeza viatu, kofia, maji na vifaa, tuseme jumla ni kilo 80. Mwinuko wa mita 1,000 katika kilomita 33 ni wastani wa asilimia 3, na muda wako unaonyesha unatoa karibu wati 200. Ukitoka pea ya gramu 1,930 ukaingia ya 1,500, umepunguza gramu 430, yaani kama nusu ya asilimia moja ya mzigo wote. Kwenye saa nzima na dakika 35 za jasho, hiyo inakupa sekunde kama 17. Si sifuri, na kwenye mashindano sekunde 17 zinamtenganisha wa kwanza na wa tano. Ila si kupaa.

Linganisha na tairi. Tairi inapogusa lami hubonyea, kisha hujirudisha. Mpira mgumu wa bei nafuu hauirudishi nguvu yote uliyotumia kuubonyeza, nyingine hugeuka joto. Tofauti kati ya tairi ya waya yenye mpira mzito na tairi nzuri ya mbio inayokunjika, kwa uzito wako na mwendo wako, inaweza kufika wati 10 hadi 13 kwa pea. Kwenye mlima wako hizo ni dakika tatu hadi nne, wakati gurudumu jepesi, kwa kipimo hichohicho, halifikishi hata wati moja. Halafu tairi yenyewe inapunguza uzito: ya waya ya milimita 25 mara nyingi huwa gramu 330 hadi 400, nzuri inayokunjika huwa 215 hadi 250. Tyubu ya kawaida ni kama gramu 100, nyembamba ya mpira huohuo ni kama 70. Piga hesabu ya magurudumu mawili: unaondoa kama gramu 300, tena pembezoni kabisa, mahali ambapo ile hesabu ya wenzako ina ukweli.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye tairi mbili nzuri za milimita 25, au 28 kama fremu na breki zinaruhusu, na tyubu nyembamba. Usizijaze mpaka ziwe jiwe. Kwa kilo zako, presha ya psi 75 mbele na 80 nyuma zinatosha kwa milimita 25. Kuzijaza hadi 110 kwenye lami yenye mikwaruzo kunaifanya baiskeli iruke badala ya kubingirika, na kila mruko ni nguvu yako inayopotelea mwilini.

Kwenye tyubu kuna tahadhari moja. Zile za plastiki ya TPU, zenye gramu 35 hadi 45, zinavutia sana, lakini baadhi ya watengenezaji wanakataza zile nyepesi kabisa kutumika na breki za ringi kwa sababu ya joto. Soma maandishi ya kwenye boksi. Kwa mtu anayepanda Lushoto na kushuka nayo siku hiyohiyo, tyubu nyembamba ya mpira wa kawaida ndiyo salama.

Shilingi ya pili, kaseti. Kwa wati zako 200, kwenye kipande cha asilimia 8 mwendo wako ni kama kilomita 10 na nusu kwa saa. Ukiwa na 34 mbele na 25 nyuma, miguu inazunguka mara 61 kwa dakika, unasaga. Ukiwa na 30 nyuma inazunguka mara 74, na mapaja yanafika Lushoto yakiwa na kitu ndani. Kabla ya kununua angalia namba ya modeli kwenye kibadilisha gia chako cha nyuma, kwa sababu kila kimoja kina kikomo cha ukubwa wa gia ya nyuma kinachoweza kubeba. Ukizidisha, gia hiyo kubwa itakuwa inasagana na kile kigurudumu cha juu cha kibadilisha gia.

Sasa magurudumu. Kabla ya kuuliza la kununua, uliza kama ulilo nalo limechoka. Ringi ya breki za kubana ni chakula cha breki: kila unapobana, vumbi la barabara lililonasa kwenye raba za breki linasaga alumini, na msimu wa mvua linasaga mara nyingi zaidi. Ringi nyingi zina alama ya kuchakaa, kijishimo au mfereji mwembamba kwenye ukuta wa breki. Alama ikifutika, ringi imekwisha. Kama haina alama, ipime mwenyewe. Toa tairi. Kata vipande viwili vifupi vya spoki ya milimita 2, kimoja kiweke ndani ya ukuta wa ringi na kingine nje, usawa uleule, katikati ya njia ya raba. Bana vyote kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, soma, kisha toa 4. Vipande hivyo vinahitajika kwa sababu mdomo wa ringi una kingo nene inayoshika tairi, na ukibana moja kwa moja utapima kingo badala ya ukuta uliolika. Rudia sehemu sita kuzunguka ringi. Ikisoma chini ya milimita 1 mahali popote, hilo gurudumu lisirudi tena Usambara. Kinachotokea ni kwamba hewa ya tairi inasukuma ukuta kwa nje, ukuta mwembamba unafunguka kama kopo, na mara nyingi hufunguka katika kubana breki kwa nguvu, yaani kwenye mteremko.

Hapo ndipo na kaboni ya bei ya kutupa inapoanguka kwenye orodha yako. Kushuka mita 1,000 ukiwa na kilo 80 kunatoa nishati ya takriban kilojouli 785, joto la kuchemsha lita mbili na nusu za maji yaliyotoka bombani. Nyingine inachukuliwa na upepo, lakini kwenye kona za kufuatana sehemu kubwa inaishia kwenye ringi. Alumini inalisambaza joto haraka na kulitoa. Kaboni hailisambazi vizuri, linakaa pale raba inapogusa, na gundi iliyoshikanisha nyuzi zake ikipita kiwango inalainika, ukuta unavimba. Kampuni kubwa zimetumia miaka mingi na gundi maalumu kupunguza tatizo hilo. Ringi isiyo na jina haitakuambia gundi yake ni ipi. Kama baiskeli yako ingekuwa na breki za diski, jibu lingebadilika.

Tuseme basi ringi zako zimechoka, au bado unataka pea nyepesi, na kutaka si dhambi. Usikimbilie namba ndogo kuliko zote. Namba zilizoandikwa mara nyingi haziingizi vifungio vya ekseli, ambavyo pea yake hufika gramu 120, wala utepe wa ndani ya ringi, na mara nyingi ni za pea iliyotoka nyepesi kiwandani. Mwambie muuzaji akupigie picha gurudumu likiwa kwenye mizani. Kwa kuelewa ngazi zilivyo: pea za alumini za kuanzia kama Shimano RS100 ziko karibu na gramu 1,900, hakuna unachopata kwa kuhama kutoka zako kwenda hizo zaidi ya ringi mpya. Campagnolo Zonda ya breki za ringi iko karibu na 1,540, ni gurudumu zuri kwelikweli. Katikati hapo, 1,500 hadi 1,650, ndipo pesa ya mtu wa kawaida inapofanya kazi. Chini ya 1,400 kwa alumini, kuna kitu kimeondolewa: ama ukuta wa breki ni mwembamba tangu siku ya kwanza, ama spoki ni chache mno.

Idadi ya spoki ndiyo watu hawaitazami. Zonda hiyohiyo ina spoki 16 mbele na 21 nyuma, za umbo lake maalumu, na ringi yake haina matundu upande wa juu, kwa hiyo nipeli, kile kifungo kidogo cha spoki, huingizwa kwa kukivuta na sumaku kupitia tundu la valvu. Spoki moja ikikatika kati ya 21, ringi inayumba kiasi cha kugusa fremu, na hapo Mombo hutapata spoki yake wala fundi wa kukubali kuigusa. Ukikatikiwa na moja kati ya 28 za kawaida, unalegeza breki, unashuka polepole, na fundi yeyote mwenye spoki za urefu huo anakutoa. Ukinunua gurudumu la spoki maalumu, agiza palepale spoki nne za akiba za kila urefu, au usilinunue.

Kwa kilo zako na barabara yako, pea ninayoipendekeza ni ya kujengwa kwa mkono: spoki 24 mbele, 28 nyuma, za chuma cha pua, zenye shingo iliyopinda ya kawaida, nene milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Ringi ya gramu 420 hadi 460, upana wa ndani milimita 17 hadi 19, kimo milimita 22 hadi 30. Habu ya kawaida yenye beringi za kubadilishika, Novatec au Bitex kwa mfano, ambazo pea yake ipo karibu na gramu 315. Jumlisha: ringi mbili za 430 ni 860, habu 315, spoki 52 kama 300, nipeli za shaba gramu 50 na kidogo. Jumla ni kama 1,530. Nipeli za alumini zingekupunguzia gramu 35 hivi, lakini jasho na unyevunyevu wa Tanga huzigandisha, na siku ya kunyoosha gurudumu zinapasuka mkononi mwa fundi. Chukua za shaba.

Kwa nini nene kwenye ncha na nyembamba katikati? Spoki karibu kamwe haikatiki kwa kuvutwa sana. Inakatika kwa kulegea na kukaza, kulegea na kukaza, kila mzunguko, mpaka shingo inachoka. Spoki nyembamba katikati inanyumbuka kama mpira, kwa hiyo gurudumu linapobonyea inabaki na mkazo kidogo na shingo inapumzika. Kwa sababu hiyo gurudumu lililojengwa legelege ndilo linalokata spoki, na anayelaumu uzito wake mara nyingi amekosea mtuhumiwa. Nyuma, upande wa kaseti, mkazo uwe nguvu ya kilo 110 hadi 120, usizidi kiwango cha mtengenezaji wa ringi. Upande wa pili utajikuta karibu na nusu yake, ndivyo jiometri inavyotaka kwa sababu kaseti imesukuma spoki za upande wake kusimama wima.

Yahusuyo kuingiliana na baiskeli yako, ni machache. Breki za ringi kwa kawaida hutaka habu ya milimita 100 mbele na 130 nyuma, pima fremu yako kabla. Habu mpya nyingi zina mwili wa kaseti wa gia 11, na kaseti yako ya gia 10 inaingia humo kwa kuweka kwanza ringi ndogo ya kujazia nafasi ya milimita 1.85, wakati mwingine na nyingine ya milimita 1 iliyokuja na kaseti. Ukisahau, kaseti itacheza hata ukikaza vipi. Ringi mpya pia huwa pana kuliko za zamani, hivyo breki lazima zirekebishwe upya pande zote.

Ukiangukia pea ya mtumba, usipime kwa macho ya rangi. Pima ukuta kwa njia ya spoki mbili, tazama kuzunguka kila tundu la nipeli kama kuna ufa mwembamba kama unywele, shika ringi na itikise upande kwa upande usikie kama beringi zimelegea. Minya spoki mbilimbili kwa vidole, halafu zigonge kwa kucha: za upande mmoja zitoe sauti inayofanana. Moja ikitoa sauti nzito ya kulegea katikati ya zinazolia vizuri, huenda ringi imepinda na imelazimishwa kunyooka kwa spoki. Hiyo haitengenezeki.

Kujenga au kukaza gurudumu usijaribu kwanza kwenye pea hii. Tafuta fundi mwenye stendi, kipima mkazo na kifaa cha kupimia kama ringi imekaa katikati ya habu. Fundi wengi wa mtaani wananyoosha kwa macho na wananyoosha vizuri, ila kunyoosha na kukaza sawasawa ni kazi mbili, na gurudumu lililonyooka linaweza kuwa na spoki legelege kumi. Mwombe akuonyeshe vipimo vya kila spoki. Ukiagiza kutoka nje, weka usafirishaji na ushuru kwenye hesabu kabla ya kulinganisha bei.

Gurudumu jipya lirudishe kwa fundi huyo baada ya kilomita 150 hadi 200, maana spoki zikishakaa kwenye matundu yake mkazo hubadilika. Ukisikia breki zinashika na kuachia kila mzunguko, au ukiona ukuta wa ringi umevimba au una ufa, shuka, panda basi. Na siku ya kwanza kuteremka na ringi mpya, tumia raba mpya za breki. Zile za zamani zimenasa vipande vya alumini ya ringi iliyopita, vinavyong'aa kama vijiwe vya fedha ukizipindua kwenye mwanga, na vitaanza kuchimba mifereji kwenye ukuta mpya tangu kona ya kwanza.